Fizikia ya Mpemba

Ndugu msomaji, chukua vikombe viwili vinavyofanana. Kimoja tia maji ya moto, kingine tia maji ya bombani, ujazo uleule. Viingize ndani ya friji moja kwa wakati mmoja. Kipi kitaganda kwanza?

Uliza swali hili kwenye kijiwe chochote, iwe Mwanjelwa au Soweto hapa Mbeya, iwe Kihesa au Mshindo kule Iringa, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza: cha baridi bwana, hilo nalo ni swali? Na ukisema kwamba kuna kijana wa Kitanzania aliyedai kinyume chake, akachekwa darasani, na leo jina lake linatajwa na wanafizikia wa dunia nzima, wapo watakaokwambia unapiga fiksi. Si fiksi. Kijana huyo ni Erasto Mpemba, na sehemu muhimu ya kisa chake ilitokea hapahapa Nyanda za Juu Kusini, katika shule ya Mkwawa, Iringa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwanafunzi mwerevu na mwalimu mbaya. Mimi naona tukikisimulia hivyo tu tunapoteza utamu wake. Mwalimu alikuwa na hoja, tena hoja iliyonyooka. Swali langu ni hili: hoja nzuri vile iliachia wapi upenyo?

Tuanze na mambo yalivyotokea.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Lakini nafasi ndani ya friji zilikuwa chache na vijana walikuwa wengi, kwa hiyo ilikuwa ni kugombania. Siku moja mwenzake mmoja alichanganya maziwa yake na sukari bila hata kuyachemsha, akayaingiza haraka asikose nafasi. Mpemba alikuwa ndiyo kwanza ameepua ya kwake. Akaona akisubiri yapoe atabaki anatazama wenzake wakilamba. Akayaingiza yakiwa ya moto vilevile.

Baada ya kama saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akanyamaza. Lakini siku nyingine, katika mji wa Tanga, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Huyo alimweleza kwamba yeye huingiza mchanganyiko ungali wa moto ili ugande upesi. Msomaji, hapo pazingatie. Muuza aiskrimu hana nadharia ya kutetea wala mtihani wa kufaulu. Anachotafuta ni hela, na hela haitaki maneno mengi.

Mpemba akafaulu kuendelea na masomo ya juu ya sekondari Mkwawa. Huko walifika kwenye somo la kanuni ya Newton ya kupoa, ile isemayo kwamba kitu hupoteza joto kwa kasi zaidi kadiri kilivyo na joto zaidi kuliko mazingira yake. Kijana akalifufua swali lake. Jibu likawa lilelile: umechanganyikiwa. Alipong'ang'ania, mwalimu akamwambia kwamba basi hiyo itakuwa ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa zima kicheko. Tangu siku hiyo, akikosea hata hesabu ndogo, wenzake walimzomea kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Sasa tuitazame hoja ya mwalimu. Nitaipanga kwa hatua, kwa kuwa hoja isiyopangwa haipimiki.

Hatua ya kwanza: maji ya moto, ili yagande, lazima yapoe. Hatua ya pili: yakipoa lazima yapitie kila kiwango cha joto kilichopo katikati, ikiwa ni pamoja na kile ambacho maji ya baridi yalianzia. Hatua ya tatu: yatakapofika hapo, maji ya baridi yatakuwa yameshaondoka, yako mbele. Hatua ya nne: kuanzia hapo safari ni ileile. Kwa hiyo maji ya moto hayawezi kutangulia.

Ukiisoma harakaharaka huoni kosa. Na kanuni ya Newton haimsaidii Mpemba kama wengi wanavyodhani. Kweli maji ya moto hupoa kwa kasi mwanzoni, lakini kasi hiyo hupungua kadiri yanavyokaribia baridi. Kwa kanuni hiyo peke yake yatamkaribia mwenzake, hayatampita.

Tulipeleke jambo hili barabarani. Mabasi mawili yanaondoka saa moja asubuhi kwenda Iringa. Moja linatoka Mbeya, jingine linatoka Makambako. Basi la Mbeya lazima lipite Makambako. Likifika pale, mwenzake ameshaondoka zamani, huenda yuko Mafinga. Kwa hiyo basi la Mbeya haliwezi kutangulia kufika Iringa.

Kweli haliwezi? Wewe uliyepanda mabasi ya njia hii unajua majibu. Basi la Mbeya huenda limeshusha abiria na mizigo Chimala na Igawa, linafika Makambako jepesi, linapita bila kusimama. Lile la Makambako limejazwa magunia ya viazi mpaka juu ya paa, linapanda vilima kwa kujikongoja, na kila kituo linasimama kupakia. Yote mawili yamepita Makambako, ndiyo. Lakini hayakupita yakiwa na hali moja.

Upenyo ndio huo. Hatua ya nne ilisema kwamba kuanzia hapo safari ni ileile. Nani alithibitisha? Hakuna. Ni dhana iliyojificha ndani ya hoja kama abiria asiyekatiwa tiketi. Hoja inadhani kwamba maji yaliyoshuka kutoka nyuzi 90 yakafika 35 yanafanana kwa kila kitu na maji yaliyoanzia 35. Kipimajoto kitaonyesha namba moja kwa vikombe vyote viwili, lakini kipimajoto hakisemi kila kitu. Maji ya moto yametoa mvuke, kwa hiyo yamepungua kidogo. Yamepoteza sehemu ya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Yana mzunguko wake, ya juu yakiwa moto kuliko ya chini. Na chombo cha moto kikiwekwa juu ya sakitu iliyotanda ndani ya friji huiyeyusha, kikagusana vizuri na ubaridi wa chini, wakati chombo cha baridi kimekaa juu ya sakitu kama juu ya godoro.

Sisemi kwamba mojawapo ya haya ndiyo sababu. Nasema kwamba yakiwepo hata mawili tu kati ya haya, neno "haiwezekani" limekosa mguu wa kusimamia.

Lakini haki ni haki. Tumeipima hoja ya mwalimu, tulipime na dai la kijana. Na hapa lazima tuwe makini, maana dai hili likipita midomo mingi hugeuka madai matatu tofauti.

Dai la kwanza ni lile la vijiweni: kwamba maji yaliyochemshwa yana kiwango tofauti cha kuganda na kuyeyuka. Tulipime kwa kujiuliza, kama ni kweli, nini lazima kifuate? Lazima ifuate kwamba barafu iliyotokana na maji yaliyochemshwa, ikiwa inayeyuka ndani ya maji yake, ionyeshe namba tofauti na barafu ya maji yasiyochemshwa. Weka vipimajoto katika vyote viwili. Vyote vitasimama kwenye 0. Kama maji ya bomba yalikuwa na chumvichumvi iliyopungua kwa kuchemshwa, tofauti yake ni ndogo mno, kipimajoto cha shule hakiioni. Ndiyo maana barafu inayoyeyuka imetumika kwa muda mrefu kuwekea vipimajoto alama ya 0. Dai la kwanza limeanguka. Mpemba mwenyewe hakulisema. Yeye alizungumzia muda wa kuganda, hakuzungumzia kiwango.

Hapo ndipo tunapoona pia udhaifu wa maziwa ya Magamba. Sukari hushusha kiwango cha kuganda chini ya 0, na ukizidisha sukari kinashuka zaidi. Nani alipima sukari ya wale vijana wawili? Tena mmoja alichemsha na mwingine hakuchemsha. Kwa hiyo maziwa yale peke yake hayathibitishi kitu. Yanaleta swali tu. Mpemba hakuishia hapo. Siku moja pale Mkwawa alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia. Hakuna sukari wala maziwa. Baada ya saa moja alikuta hakuna iliyoganda yote, ila ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Dai la pili ni kwamba maji ya moto huganda kwanza sikuzote. Hili halihitaji hata friji. Kama chenye joto zaidi hushinda sikuzote, basi maji ya nyuzi 36 yangeshinda ya 35, ya 37 yangeshinda ya 36, na maji ya nyuzi 1 ambayo yako mlangoni mwa barafu yangekuwa ya mwisho kuliko yote. Weka kikombe cha nyuzi 1 na cha nyuzi 60 uone. Mfano mmoja tu unatosha kuliua neno "sikuzote".

Dai la tatu ni kwamba katika hali fulani maji ya moto yanaweza kutangulia. Hili ndilo dai lenye uzito. Na tazama mizani ilivyokaa: anayesema "haiwezekani" anahitaji kuwa sahihi mara zote, anayesema "inawezekana" anahitaji mara moja, mradi mara hiyo moja iwe imepimwa sawasawa na wengine waweze kuirudia. Mwalimu alijitwisha mzigo mkubwa kuliko mwanafunzi, na hakujua.

Kisha akaja mgeni Mkwawa. Daktari Denis Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alizungumza na wanafunzi, halafu akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Ukichukua bika mbili zenye ujazo sawa wa maji, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, ile ya 100 ndiyo huganda kwanza. Kwa nini?

Niruhusu nisimame kidogo kwenye hiyo namba 100, maana sisi watu wa milimani inatuhusu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mbeya kama mita 1,700. Hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka mapema. Iringa huchemka karibu nyuzi 95, Mbeya karibu 94. Ndiyo maana maharage huku hayana haraka. Kwa hiyo bika ya maji yaliyochemka Iringa haifiki 100, hiyo ni namba ya vitabu, ya watu wa pwani. Lakini kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hakijali mlima. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya hakibadiliki hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Sakitu ya Makete inayeyuka kwenye 0 sawa na barafu ya muuza samaki wa Feri. Hata mwenye dai la kweli, basi, hana budi kupima kila namba anayoitaja.

Turudi kwa mgeni. Wanafunzi wakacheka. Osborne naye aliona jambo hilo haliingii akilini, lakini hakusema haiwezekani. Alisema atalijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, halafu akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Msomaji, cheka kisha ufikiri. Yule fundi alikuwa na jibu kichwani kabla ya kupima, na kipimo kilipokataa, aliona kipimo ndicho chenye kosa. Wangapi kati yetu hatufanyi hivyo?

Walirudia. Osborne alijaribu pia kuweka tabaka la mafuta juu ya maji, akaona kupoa kunachelewa sana, dalili kwamba joto jingi hutokea juu. Aliona pia kwamba maji yanayopotea kwa mvuke ni machache, hayatoshi kueleza jambo lote. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, kichwa chake neno moja tu, "Cool?", lenye alama ya kuuliza. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi, na kazi ya maisha yake ikawa ya wanyamapori.

Baadaye ikaonekana kwamba hata wazee wa zamani waliliona jambo hili. Aristotle aliandika kuhusu wavuvi wa Ponto waliotumia maji ya moto ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja mwaka 1620 na Descartes mwaka 1637. Kisha likasahauliwa, pengine kwa sababu hoja ya hatua nne ni tamu mno. Walioendelea kuliona ni wapishi na wauza aiskrimu, na hao hakuna aliyewauliza.

Ningeweza kuishia hapa, tupige makofi, bendera ipepee. Lakini ningekuwa nafanya kosa la yule fundi, kwa kuwa mimi nami ni Mtanzania na nina jibu ninalolipenda.

Ukweli ni kwamba dai la tatu bado linabishaniwa. Shida ya kwanza ni neno "kuganda". Je, ni pale maji yanapofika 0, au punje ya kwanza ya barafu inapotokea, au yanapokuwa jiwe tupu? Maji yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki maji, yakisubiri kitu cha kuanzia. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha kwamba tabia hii inaweza kuwa ndiyo inayoamua nani atatangulia. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Majibu 22,000 kwa swali moja ni dalili kwamba jibu bado halijatulia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kufika 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa dai hilo. Waliongeza kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukuonyesha ushindi ambao haupo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walifuatilia chembe ndogo ya kioo ndani ya maji, wakaonyesha kwamba mfumo ulioanza na joto zaidi unaweza kweli kupoa upesi zaidi. Ila hiyo ilikuwa chembe moja. Haikuwa bika ya maji.

Je, Mpemba alishindwa? Hapana. Hao wote wanapima na kujadiliana hatua kwa hatua, na tokeo wanalolipima, liwe lipo au halipo, wote wanaliita kwa jina lake. Lile jina la kejeli, fizikia ya Mpemba, limekuwa jina la heshima. Kilichoshindwa ni neno "haiwezekani" lisilo na kipimo.

Kijana mwenzangu unayeshika kalamu, sisi tunaoandika tuna friji yetu na bika zetu. Mimi elimu yangu ni ya sekondari tu, sina maabara. Lakini kila siku nasikia madai: historia yetu ilianza siku fulani, kabila fulani wako hivi, mwanamke hawezi vile. Mengi yana hoja iliyonyooka kama reli ya TAZARA. Kazi yetu ni kutafuta abiria asiyekatiwa tiketi. Hesabu hatua. Uliza kama ni kweli, nini lazima kifuate. Halafu nenda ukatazame. Na ukikuta dai unalolipenda wewe ndilo linaloyumba, liandike hivyohivyo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Shule ya Mkwawa leo ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha walimu. Ningependa kila mwalimu anayetoka pale atoke na sentensi moja aliyoiacha mgeni wao wa zamani: sijui, ngoja tujaribu.

Na wewe, kama umeona mahali nimeruka katika hoja yangu, andika kwenye jarida hili hili. Ila usiniandikie kwamba haiwezekani. Niambie ni hatua ya ngapi.